Mashavu ya Maua

Bariadi mtoto hapimwi kwa mizani ya kliniki. Hupimwa kwa vidole viwili vinavyobana shavu na kulivuta kidogo. Shavu likijaa mkononi, mama anapewa hongera. Lisipojaa, mama ndiye anayeangaliwa. Mizani ni mambo ya manesi. Maua aliporudi kutoka India akiwa na miaka minne, kila aliyekuja kumwona alimbana shavu, na kila aliyembana aligeuka kumtazama Nyamizi.

"India yote ile, wifi," alisema Faudhia, dada wa mume wake, hata viatu hajavivua vizuri mlangoni. "India yote ile, halafu mtoto karudi vilevile?"

Hakurudi vilevile. Aliondoka na macho ya njano na tumbo lililomtangulia njia, akijikuna mpaka anatoka damu, maana mirija yake ya nyongo ilikuwa imeziba tangu azaliwe na ini lilikuwa limeoza kwa ndani. Alirudi na macho meupe, tumbo limelala, hajikuni tena. Ndani yake kilikuwemo kipande cha ini la mama yake, na kilikuwa kinafanya kazi. Nyamizi alikuwa na kovu refu la kuthibitisha hilo, lakini nani atamfunulia wifi yake tumbo barazani? Macho meupe hayabaniki kwa vidole. Faudhia alikunywa chai yake, akala na maandazi, akaenda zake dukani kwake kuuza mapazia na habari.

Kule India daktari wa Maua alikuwa mwanamke mfupi mcheshi, na alimweleza Nyamizi kila kitu taratibu kupitia kwa mkalimani. Mwili wa Maua, alisema, utakuwa unataka kulikataa ini la mama yake maisha yake yote, kwa hiyo lazima utulizwe kwa dawa. Hospitali nyingi hutumia dawa zaidi ya moja, na mojawapo ni steroidi. Pale kwao, kwa watoto, walikuwa wanaikwepa. Wakati wa upasuaji walikuwa wamempa sindano maalumu badala yake, na sasa angebaki na dawa moja tu, kapsuli asubuhi na kapsuli jioni, kwa saa zilezile, bila kukosa.

"Steroidi inavimbisha uso na kupandisha sukari," mkalimani alisema. "Mifupa inalegea. Na mtoto harefuki."

Kisha daktari akamwonyesha mvulana mmoja aliyekuwa akicheza kwenye korido, mtoto wa mama mmoja wa Dodoma, aliyefanyiwa upasuaji kwingine miaka ya nyuma. Alikuwa na mashavu ya kupendeza, yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Nyamizi, ambaye kusema kweli alikuwa amemwonea wivu yule mama tangu walipofika, alidhani mtoto yule ana miaka mitano. Alikuwa na tisa.

"Wako atakuwa mwembamba," daktari alisema, "lakini atakua. Usimpe steroidi. Usimpe kidonge chochote bila kutuuliza."

Nyamizi aliapa. Daktari hakumweleza la kufanya endapo mtoto atakuwa ameshapewa, maana nani angempa? Mama mwenyewe si ndiye huyu hapa, aliyetoa ini lake.

Na alitimiza. Hilo asinyang'anywe. Simu ilikuwa ikilia saa moja asubuhi na saa moja jioni, naye popote alipokuwa, msibani au harusini, alichomoa kapsuli pochini akampa mwanawe na maji. Kila baada ya muda walipanda basi kwenda Mwanza kupimwa damu, na kila mara majibu yalikuwa mazuri. Maua alikuwa anarefuka. Alikuwa anaimba, anagombana na kuku, anajua kuhesabu mpaka ishirini kwa kuruka kumi na nne. Lakini alikuwa mwembamba, na mji wenyewe ndio huu.

Faudhia ndiye aliyeanza kuhesabu zile kapsuli kwa macho. Mtoto amekonda. Anameza dawa kwa saa. Mama yake naye anapelekwa Mwanza kila mara, na amekatazwa kubeba vitu vizito. Hapa kwetu mtu mwembamba anayemeza dawa kwa saa, asubuhi na jioni, huwa hasemwi ugonjwa wake, unatajwa kwa kuangalia chini tu. Neno lilizunguka kutoka duka la mapazia mpaka soko la nafaka, likavuka barabara, likarudi jikoni kwa Nyamizi likiwa limenona kuliko mtoto mwenyewe. Alilisikia kwa jirani aliyekuja kuomba moto akakataa kukalia kiti chao. Siku hiyo Nyamizi alilia hadi kovu likamuuma. Alikuwa ameokoa mtoto, na watu walikuwa wanamtazama kama aliyemuua.

Msimu wa pamba ulipofunguliwa, wakulima wakaingia mjini na fedha zao, Tajudin mume wake alihitaji mtu wa kumsaidia kwenye duka la vitenge. Nyamizi akamwita mama yake, Kwandu, aje kutoka Nkololo kukaa na mtoto.

Kwandu alishuka kwenye pikipiki na kibuyu cha maziwa mgando mgongoni na jembe mkononi, utadhani mjini watu wanalima sebuleni. Alikuwa amezika mume na kukuza watoto na ng'ombe kwa mikono ileile. Alimwinua mjukuu wake juu, akampima uzito kwa mikono, akamshusha polepole.

"Mayu, maziwa ya kibuyu hayaruhusiwi kwake," Nyamizi alisema. "Labda ya kuchemsha."

"Maziwa hayaruhusiwi," Kwandu alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba mvua imepigwa marufuku.

Ndani ya nyumba ile Kwandu aliishi kwa kujibanza. Kwa Wasukuma wa rika lake mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja wakaongea. Ukoo wa Tajudin ulifika Bariadi kwa biashara kutoka Ujiji, yeye mwenyewe hakuzaliwa na desturi hiyo, lakini aliiheshimu. Akifika mlangoni alikohoa kwanza, na Kwandu akatokea mlango wa jikoni. Salamu zao zilipita ukutani. "Mwadila, mama!" "Mwadila, baba!" Basi. Miaka yote ya ndoa ile walikuwa hawajaambiana kitu kizito kuliko hicho, na wote wawili waliona ni adabu njema.

Kwandu alilisikia lile neno bombani, akiwa kwenye foleni ya maji. Mwanamke mmoja alimuuliza kama ni kweli mjukuu anatumia dawa za saa, na kama binti yake naye ameshaanza. Kwandu alibeba ndoo yake kichwani, akafika nyumbani, akaitua, akakaa juu ya kinu akimtazama Maua anavyochora ng'ombe mavumbini kwa kijiti. Aliiona shingo yake na vile vifupa vya mabega. Akili yake ilikuwa akili ya zizi: ndama akikonda hapigiwi maneno, anatafutiwa chumvi.

Chumvi aliipata katika duka moja la dawa nyuma ya soko. Muuzaji alimwekea mbele vidonge vidogo kwenye kipakti cha karatasi. "Hivi vya kunenepesha, bibi. Hata maharusi wanavinunua. Utaona mashavu mwenyewe." Kwandu hakujua kusoma, na hata angejua, kipakti hakikuwa na maandishi. Asubuhi iliyofuata, Nyamizi alipokwisha kumpa mtoto kapsuli yake na kwenda dukani, bibi alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko akakikoroga kwenye uji.

Basi Maua akaanza kula. Alikuwa mtoto wa vijiko vitatu. Sasa alimaliza bakuli akadai jingine. Mashavu yakaja, kwanza kidogo, kisha yakaja kweli. Magauni yakaanza kumbana. Jirani aliyekataa kiti alikuja akakikalia. Faudhia alimbana mtoto shavu, likajaa mkono wake, akacheka kwa mshangao wa kweli. "Mashaallah! Wifi, umefanyaje?"

"Maziwa ya bibi yake," Nyamizi alisema. Ndivyo Kwandu alivyomwambia, na ndivyo alivyoamua kuamini.

Ndiyo, aliamua. Kwa maana alikuwa ameona. Aliona nywele laini zikiota kwenye paji la uso la mtoto, na hamaki zake za ghafla, na kiu ya kuamka kuomba maji. Aliona uso ulivyokuwa duara huku miguu imebaki vijiti. Alikuwa ameshauona uso huo mahali, kwenye korido, India. Wazo lilipomjia alilifukuza kama anavyofukuza kuku jikoni, na likarudi kama kuku wanavyorudi. Mtu asimlaumu upesi. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, alikuwa anatembea naye sokoni na watu wanamsalimia kwa furaha. Sikukuu ya Idi alimvalisha gauni la rangi ya chungwa, akampiga picha mbele ya duka la vitenge, Tajudin amembeba begani anacheka. Picha hiyo aliituma kwa kila mtu. Kwa daktari wa Mwanza hakuituma.

Msimu wa pamba ulipokwisha, ikakaribia siku ya kwenda Mwanza. Nyamizi alikuwa anachota unga kwenye debe asubuhi, mkono wake ukagusa kifundo cha kitambaa chini kabisa. Alikifungua. Akajua kabla hajaviona vidonge vyote.

"Mayu. Hivi ni nini?"

Kwandu alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. "Vya mtoto."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kuwa mtoto wa watu, siyo mifupa." Sasa aliweka ungo chini. "Ulitaka nikae niangalie? Walikuwa wanasema mwanao ana ugonjwa ule, nawe unao. Bombani, mbele yangu! Nimempa. Amenona. Nani amekufa?"

Nyamizi alimfokea mama yake kama hajawahi kumfokea mtu. Alimwambia hii ndiyo ileile waliyoikimbia India, ndiyo inayodumaza, ndiyo inayovunja mifupa. Wazungu na Wahindi waliumiza vichwa vyao kutafuta njia ya kumwepusha nayo, na wewe, mayu, umeifunga kwenye kitambaa ukaificha kwenye unga! Kwandu alisikiliza kinywa wazi. Alikuwa hajaambiwa. Aliambiwa maziwa hayaruhusiwi, aliambiwa saa za kapsuli. Habari za steroidi hakuna aliyeona haja ya kumweleza mwanamke wa Nkololo. Alipoelewa alimshika binti yake mkono.

"Baba yake asijue," alisema. "Ng'wana wane, mwanangu, nakuomba. Nitaweka wapi uso wangu?"

"Hatajua. Hatajua mtu."

Nyamizi alikwenda chooni na vile vidonge akavimwaga vyote shimoni. Alisikiliza vinavyoanguka. Alirudi akanawa mikono kwa sabuni, na moyo wake ukawa mwepesi, kwa kuwa alikuwa amerudi upande wa daktari. Dawa mbaya imekatazwa, dawa mbaya imetupwa. Kuna jambo gani zaidi? Kisha alipiga simu Mwanza, akasema barabara imeharibika kwa mvua na yeye mwenyewe ana mafua, akaomba siku nyingine ya mbele. Mashavu yangekuwa yameshapungua kufikia hapo, na hakuna ambaye angemuuliza chochote.

Maua alianza kuchoka. Alilala mchana, jambo ambalo hakulizoea. Alisukuma bakuli. Alisema tumbo linauma, halafu magoti, halafu kila mahali. Nyamizi alijiambia ni ile dawa inatoka mwilini. Aliona mashavu yameanza kulegea kidogo, akashukuru. Kisha mafua yaliyokuwa yanapita kwa watoto wa mtaa mzima yakamfikia na Maua. Wenzake waliyatoa kwa makamasi wakaendelea kucheza. Yeye alitapika uji, akatapika maji, akatapika kapsuli yake ya asubuhi, na alipoitwa jina alifungua macho akayafunga tena.

Tajudin alimbeba akakimbia naye barabarani mpaka walipopata bajaji.

Hospitalini waliwapokea upesi. Daktari alikuwa kijana, Marcelo jina lake, na hakuwa mjinga wala mvivu. Hilo nalo lisemwe. Aliweka dripu mwenyewe mshipa ulipowashinda manesi. Presha ilikuwa chini sana. Sukari imeshuka. Malaria hakuna. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akawatazama mmoja mmoja. Tajudin alikuwa amesimama kichwani pa mtoto. Kwandu alikuwa kwenye kona, ameugeukia ukuta, khanga imefunika kichwa na uso, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na mkwewe yumo.

"Mama, nisikilize vizuri," Marcelo alisema. "Zaidi ya ile dawa ya ini, kuna kingine chochote anachotumia? Au alichowahi kutumia karibuni? Ninauliza hasa dawa za jamii ya steroidi. Hata kama mmenunua dukani. Sitawagombeza."

Nyamizi alimtazama mama yake, akaona mgongo. Akamtazama mume wake. Tajudin alikuwa anamtazama mke wake kwa imani, na akamjibia kabla hajafungua mdomo.

"Daktari, huyu ndiye aliyetoa ini. India walituambia tusimpe hiyo kitu, na mke wangu hajampa hata kimoja. Muulize saa, muulize tarehe, anazijua zote."

"Mama?" daktari alisema.

Ilikuwa ni kusema neno moja. Nyamizi aliliona liko pale, mdomoni. Aliona pia mama yake akivuliwa nguo mbele ya mkwewe, akaona Faudhia, akaona picha ya Idi. Na tena, alijiambia, vidonge vimeshatupwa. Mtoto hana tena kitu hicho mwilini. Kusema kungemsaidia nini?

"Hapana," alisema. "Hata kimoja."

Kwenye kona khanga ilisogea, ikatulia.

Marcelo alipiga simu Mwanza. Waliongea sana. Wakakubaliana huenda ni maambukizi yameingia kwenye damu, huenda ni mwili unalikataa ini, na kwa vyovyote aletwe. Gari la wagonjwa likatolewa. Nafasi ilikuwa ya watu wawili pamoja na nesi, kwa hiyo Tajudin akasema wanawake wapande na mtoto, yeye atafuata na gari la rafiki yake.

Mlango ulipofungwa, na Tajudin akabaki nje ya mlango ule, Kwandu alifunua uso wake. Alisubiri mpaka mji ulipobaki mbali nyuma yao. Kisha alizungumza kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwambia nesi. Nesi aliitwa Violeth, mzaliwa wa Kiloleli, na alielewa kila neno. Kwandu alisema nilikuwa nampa vidonge vya kunenepesha, kila asubuhi, msimu mzima wa pamba. Binti yangu hakujua. Alipojua alivitupa.

Violeth alimgeukia Nyamizi. "Alivitupa? Vyote kwa mara moja?"

"Walisema asipewe," Nyamizi alisema.

Nesi alikuwa ameshashika simu. Aliongea na Marcelo kwa maneno mafupi, mkono mwingine ukitafuta ndani ya sanduku la dawa, ukitoa chupa, ukirudisha chupa. Kilichotafutwa hakikuwemo. Alimgongea dereva kioo akamwambia akimbize, kuna kituo cha afya mbele, kabla ya Kalemela. Nyamizi alikuwa ameshika mguu wa mwanawe. Ulikuwa wa baridi, na mdogo kuliko alivyokuwa anaukumbuka.

Kituoni sindano ilikuwepo. Ilikuwa kabatini, kichupa kidogo cha unga mweupe wa kuchanganya na maji, cha kawaida, kipo kila mahali. Walimchoma. Walimsukuma kifua. Mganga wa pale alihangaika mpaka jasho likadondokea kwenye gauni la mtoto, kisha akaacha, akavua glavu, akatoka nje bila kusema, na Violeth ndiye aliyebaki kusema.

Nyamizi alimuuliza ilikuwa sindano gani ile. Aling'ang'ania kuuliza.

Violeth aliketi naye sakafuni. "Kila mwili unatengeneza wenyewe kitu kama hicho, mama, kidogo kila siku, cha kuusaidia kusimama ukiumwa. Ukiupa kwa vidonge muda mrefu, unaacha kutengeneza. Ndiyo maana haviachwi ghafla, vinapunguzwa polepole mpaka mwili ukumbuke. Wa Maua ulikuwa umesahau. Na vidonge vikatoka. Mafua yalipokuja, hakuwa na kitu."

"Na dawa yake ni ipi?"

"Ni hiyohiyo," Violeth alisema. "Steroidi."

Tajudin alifika akasimama mlangoni, akasahau kukohoa. Aliambiwa yote, kwa sababu nesi hakuwa na namna ya kuficha. Alimtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe, na Kwandu hakukimbia wala hakujifunika, alimwacha amtazame. Kisha akamgeukia mke wake.

"Alikuuliza mbele yangu," alisema.

"Ndiyo, Baba Maua."

"Nikakujibia."

Alimchukua mtoto akamzungushia shuka, akambeba mpaka kwenye gari, na safari yote ya kurudi Bariadi hakumpa mtu mwingine amshike. Waombolezaji walipojaa nyumbani aliwaambia ini lilikataa. Alilisema mara moja, kwa wote, na watu wakaitikia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nyamizi alielewa kwamba amemsitiri. Angependa zaidi ampige.

Maua alizikwa siku iliyofuata. Wanawake walikaa mkekani ndani, na picha ya Idi ikazunguka kutoka simu moja hadi nyingine. Walilia sana, walilia kwa kweli. "Na alivyokuwa ameshanenepa, jamani," walisema. "Angalia mashavu haya. Alikuwa ameshapona kabisa." Mmoja alisema afadhali amekwenda na afya yake, na wengine wakamwitikia. Kwandu hakuwepo. Alikuwa ameondoka kwa miguu kuelekea Nkololo mara walipotoka makaburini wanaume, na jembe lake lilibaki limeegemea ukuta wa jikoni.

Watu walipopungua, Faudhia alisogea akaketi karibu na wifi yake, bega kwa bega. Alikuwa anamlea mwanawe wa mwisho, Sharifu, kwa taabu. Mtoto yule alikuwa kijiti, mwenye kikohozi kisichoisha. Alimshika Nyamizi mkono, akaubembeleza, akanong'ona.

"Wifi, najua siyo wakati wake. Lakini huwa najiuliza. Ile siri ya bibi. Siyo maziwa tu yale, nawe unajua. Nisaidie na mimi. Sharifu ananitia aibu."

Nyamizi alimtazama. Alikuwa amefunga mdomo tangu hospitalini, na mdomo ule ulikuwa umemgharimu mtoto. Hakutaka kuufunga tena. Basi akasema, kwa sauti ambayo wengine wawili watatu waliisikia: hayakuwa maziwa. Ni vidonge vya kunenepesha, vya dukani. Mama yangu alimpa kwa kificho, mimi nilivikuta nikavimwaga chooni kwa siku moja, na mwili wake ukashindwa. Daktari aliniuliza nikakataa. Ini halikukataa, wifi. Ini langu lilikuwa zima mpaka mwisho. Vile vidonge ndivyo vilivyomuua, na jinsi mimi nilivyovitupa ghafla.

Machozi yalimtoka Faudhia, akayafuta na pembe ya mtandio. Akamkumbatia Nyamizi kwa nguvu, akamshikilia hivyo kwa muda mrefu, kama dada. Nyamizi alidhani ameeleweka, akaegemeza kichwa begani kwake.

"Pole, wifi yangu," Faudhia alimwambia sikioni. "Pole sana. Kumbe alikuwa anapona, mkaviacha." Akavuta pumzi. "Vinauzwa duka gani? Mimi sitaviacha."